Moshi wa Lurujo

Picha mliyonipa, wenzangu wa kazini, siku ya kuniaga ninayo. Imetundikwa sebuleni, kwenye msumari imara, ila nimeigeuza uso ukutani. Mke wangu aliniuliza mara mbili kwa nini, ya tatu akaacha. Wageni hutazama mgongo wa fremu, hutikisa kichwa kwa adabu, kisha huomba chai. Msidhani nimechukia. Keki ilikuwa tamu, hotuba zilikuwa fupi, na aliyechagua picha alichagua kwa moyo safi ile inayosifiwa kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Hakujua kwamba katika kazi zangu zote hiyo ndiyo ninayoionea haya.

Mliniomba pia niwaandikie kurasa chache juu ya miaka yangu ya kazi, hasa namna ya kuvuta oksijeni kwenye picha za nyota bila kuiumiza. Nitaandika. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichoongea katika kile chumba chetu cha kazi cha Awindiri, Walugbara na Wakakwa na yeyote aliyeingia. Isitoshe, kwa Kiingereza mimi hujificha vizuri sana.

Nilianza kazi katika studio ya picha huko Oli, mtaa wa Arua, enzi za filamu. Mwenye studio alikuwa Mzee Ezati, mtu mfupi mwenye vidole vya njano kwa sababu ya dawa za kusafishia picha, ambaye hakuwahi kuharakishwa na mtu, hata bwana harusi. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe nikitarajia kushika kamera. Alinipa penseli na wembe. Nilichonga penseli mpaka saa ya chakula, na kila nilipomwonyesha alijaribu ncha kwenye kucha yake, akaivunja, akasema, "Bado. Chonga." Kufikia jioni shati lilikuwa na rangi ya jivu na sikuwa nimeiona kamera.

Penseli ilikuwa ya kusafishia sura. Vijana hamkuikuta kazi hiyo. Filamu ikishasafishwa huonyesha kila kitu kinyume, cheusi kikawa cheupe na cheupe kikawa cheusi, kwa hiyo chunusi au doa la usoni huonekana kama tundu angavu. Unalijaza kwa ncha ya penseli, kidogo kidogo, chini ya kioo cha kukuzia, na picha ikichapwa uso unatoka laini. Nilikuwa na mkono mwepesi. Baada ya miezi michache watu walikuwa wanakuja hadi kutoka Maracha wakisema wanataka kusafishwa na yule kijana wa Oli. Kichwa kilinivimba, sikatai.

Siku moja alikuja mama mmoja na filamu ya zamani ya mwanawe. Mwanawe alikuwa askari, amekufa, na mama alitaka picha kubwa ya kuweka nyumbani. Shavuni palikuwa na doa jeusi pana. Mimi niliona ni kasoro, nikaliziba kwa uangalifu mkubwa, sikumwuliza mtu. Aliporudi kuichukua picha aliishika kwa mikono miwili, akaitazama sana, kisha akaniuliza, "Hii ni mtoto ya nani?"

Nilidhani ananisifu. Mzee Ezati hakudhani hivyo. Alimkalisha mama kwenye kiti cha wateja, akachukua pamba na spiriti, akaifuta penseli yangu yote kwenye filamu na kuchapa upya huku mama akingoja. Doa lilirudi. Mama alilia, akaikumbatia ile picha, akaenda zake bila kunitazama. Mzee alisubiri mpaka mama amefika barabarani ndipo aliponiambia, "Asiku, sikia. Uchafu ya kioo ni yetu, sisi natoa. Alama ya mutu hapana yetu. Kama wewe hapana jua, uliza ile mutu alikuwako."

Neno hilo nililishika karibu miaka thelathini. Ndilo linalonisumbua zaidi ninapoandika haya, maana siwezi kusema sikufundishwa.

Filamu ikatoweka, Mzee Ezati akafariki, kompyuta zikaja, nami nikajifunza kufanya kwa kipanya yale niliyofanya kwa penseli. Kisha simu zikaanza kupiga picha na kila mtu akawa fundi wa sura yake mwenyewe. Nilikuwa nimeanza kuulizia bei ya vifaranga wakati wenye darubini walipofika Arua.

Habari zao mnazijua. Ni wapenzi wa nyota wa nchi za nje waliotaka mahali karibu na ikweta, ambapo anga ya kaskazini na ya kusini zote huonekana, mbali na taa. Walijenga kibanda Lurujo, kule Koboko, chenye paa la kusukuma juu ya reli, katikati ya mashamba ya muhogo na karanga. Darubini ingepiga picha usiku kule, na picha zingetengenezwa mchana hapa Arua, ambako umeme na mtandao hupatikana, angalau siku ambazo hupatikana. Walitafuta mtu anayeelewa mwanga na kivuli. Kwamba sikujua jina la nyota hata moja halikuwasumbua.

Siku ya kwanza nilifungua faili nikaona weusi mtupu na vidoa vichache vyeupe. Nilifikiri mtu amesahau kutoa kifuniko, nikawa karibu kuwaandikia kuwapa pole. Kisha nikavuta mwanga kama nilivyoelekezwa, yaani kuinua yaliyo gizani kidogo kidogo bila kuunguza yaliyo mwangani, na pale kwenye weusi likatokea wingu lenye mikunjo na mapango, ambalo lilikuwepo muda wote. Nilikuwa peke yangu chumbani, na bado nilivua kofia.

Kwa yule atakayeanza baada yenu nieleze kwa ufupi. Nebula ni mawingu ya gesi yaliyo kati ya nyota, na kamera yetu haioni rangi. Mbele yake hupita filta tatu kwa zamu, kila moja ikiruhusu uzi mwembamba tu wa mwanga: wa haidrojeni, wa oksijeni, wa salfa. Unapata malundo matatu ya picha nyeusi na nyeupe, na wewe ndiye unayeamua kila lundo livae rangi gani. Kawaida yetu salfa ni nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni buluu. Haidrojeni ni nyingi mno, kwa hiyo mwanzoni picha yote hutoka kijani kama sufuria ya mboga za dodo, na kazi ya nusu siku ni kuipunguza mpaka dhahabu na buluu zijitokeze. Ukipunguza kwa pupa nyota zinageuka zambarau. Nimetengeneza nyota nyingi za zambarau, nazo zimo kwenye folda niliyoiita Misiba. Mnaweza kuifungua, mcheke.

Oksijeni ndiye mtoto mgonjwa wa nyumba. Ni hafifu, na kila kitu huichafua: mwezi, taa, vumbi. Ikusanyieni saa nyingi za mwanga kabla ya kuitolea hukumu, na msiivute siku mliyoamka na hasira.

Aliyekuwa akizikusanya saa hizo alikuwa Zubeda. Nyinyi wengi hamkumkuta. Alikuwa binti wa sajini mstaafu, Mwislamu wa Koboko, mama wa watoto watatu, aliyeajiriwa kufungua paa na kulinda kibanda. Baba yake alimlea kambini kwa Kiswahili cha paredi, hata akikusalimia ulihisi unakaguliwa vifungo. Mtandao wa Lurujo haukuweza kubeba mafaili yetu, hivyo kila Jumatatu aliileta diski Arua yeye mwenyewe, imefungwa ndani ya kitenge, ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya kikapu cha karanga. Nilimshauri ampe dereva wa gari ailete. "Dereva hapana jua hii ni nini," alisema. "Ataweka chini ya mbuzi."

Alikuwa makini kuliko darubini yenyewe. Zile picha za mwanga sawa tunazozitumia kufuta vumbi la vioo alizipiga jioni, jua likizama, kwa kuuvisha mdomo wa darubini fulana nyeupe ya mumewe na kuivuta mpaka isiwe na kunyanzi. Mara moja nilipata lundo zima la salfa lenye kivuli chenye mkia, nikahangaika nacho siku mbili nikidhani nimegundua kitu. Nilipompigia simu aliinua kifuniko akaniambia ni mjusi, amekaa juu ya filta, na anaonekana amestarehe. Na alikuwa na daftari, la shule, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Kila usiku aliandika humo upepo, umande, mawingu, na nani amechoma nyasi upande gani.

Moto ndio uliotutesa. Kiangazi kwetu ndicho chenye anga safi kuliko majira yote, na ndicho hicho ambacho watu huchoma nyasi, wengine kutayarisha shamba, wengine kuwatoa ndezi mafichoni. Moshi ukitanda, lundo la oksijeni hupata ukungu mpana, mzito upande mmoja na mwepesi upande mwingine. Programu ina njia ya kuuondoa. Unaweka vidoto, yaani nukta ndogo, sehemu ambazo wewe unajua ni anga tupu, nayo inakadiria mteremko wa ule mwanga na kuutoa wote. Ukiweka kidoto mahali pasipo patupu, kitu kilichopo hapo kinaondoka pamoja na moshi, wala programu haikuambii.

Mwaka wa pili nilichoka kuweka vidoto upya kila mara. Nilitengeneza mpangilio wangu mmoja, mkali, nikauhifadhi kwa jina Moshi, na kila oksijeni ya kiangazi niliipitisha humo. Ilitoka laini kama uso wa bibi harusi wa Oli. Wenye darubini waliandika kuuliza siri yangu ni nini. Nikawajibu kwamba ni mkono mwepesi.

Nebula iliyo ukutani kwangu ipo mashariki ya Jabari, zile nyota ambazo mwezi wa kwanza husimama juu kabisa ya Lurujo. Ilichukua kiangazi kizima. Nilipoimaliza, wenye darubini waliichapa kubwa na kuiweka mbele ya kalenda yao. Niliionyesha kalenda hiyo kanisani, sokoni, na kwa fundi wangu wa viatu, ambaye aliuliza kama ni mchuzi.

Jumatatu moja baada ya kalenda kufika, Zubeda alinikabidhi diski kama kawaida, lakini hakuondoka. Aliitazama kalenda ukutani, akaisogelea.

"Mzee, ile upinde iko wapi?"

"Upinde gani, dada?"

"Hapa." Aliweka kidole penye weusi, kando ya nebula, akakizungusha kama anachora mpini wa kikapu. "Asubuhi kompyuta ya kibanda inaweka picha ya usiku yote moja juu ya moja. Kwa filta ya oksijeni mimi naona yeye. Nyembamba sana, lakini iko. Kila siku."

"Huo ni moshi, Zubeda."

"Hapana moshi." Alifungua daftari juu ya kibodi yangu. "Angalia. Hii usiku, mvua ilinyesha mchana, hakuna mutu alichoma. Upinde iko. Hii usiku, jirani alichoma upande ya Kongo, moshi mingi. Upinde iko palepale. Na ingine. Darubini ikipita katikati ya anga inageuka, picha inakuwa kichwa chini. Moshi ingebaki upande ya ardhi. Hii ilienda na nyota." Alinitazama kama baba yake alivyowatazama makuruta. "Mzee, moshi hapana fuata nyota."

Kila alichosema kilikuwa sawa. Nataka mjue kwamba nilikielewa palepale, sikuhitaji miaka. Mtu aliyekuwako alikuwa amesimama mbele yangu na daftari lake, na sikuhitaji hata kumwuliza, alikuwa amekuja kuniambia mwenyewe. Nilimjibu, "Dada, wewe fungua paa. Picha niachie mimi."

Hakukasirika. Aliingiza mkono kwenye kikapu akatoa karatasi mbili. Siku hizo wenye darubini walikuwa wanatafuta mtu wa pili wa kukaa nami Awindiri na kujifunza kutengeneza picha, na walisema mwenye jambo jipya alilete kwa maandishi. Zubeda alikuwa ameandika yote kwa Kiswahili, pamoja na mchoro wa upinde, siku za moto na siku za mvua. Mwishoni aliandika kwamba anaiomba ile nafasi. Hakuwa na Kiingereza cha barua wala anwani yao. Vyote vilipitia kwangu.

"Wewe geuza Kiingereza, tuma," alisema. "Kama wao wanasema hapana, basi. Lakini waone."

Nikasema nitatuma.

Sikutuma. Ningependa kuwapa sababu yenye heshima, lakini sina. Kutuma kulimaanisha kukiri kwamba picha ya kalenda ilikuwa na alama niliyoifuta, na kwamba aliyeiona ni mlinzi wa kibanda wala si mimi. Kila asubuhi niliitoa barua mezani, na kila jioni niliirudisha kwenye droo. Niliona haya kuituma, kisha nikaona haya kwamba sijaituma, na hiyo ya pili ilikua kila Jumatatu alipogonga mlango na kikapu chake.

Jumatatu ya nne aliniuliza. "Mzee, wanajibu?"

Nilikuwa nachomeka diski, macho yangu kwenye skrini. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Wamejibu. Wanasema ni moshi tu."

"Wote wanasema?"

"Wote."

"Na ile nafasi?"

"Wanataka mtu mwenye cheti."

"Haya," alisema. "Asante kwa kujaribu, Mzee." Akanimiminia karanga juu ya meza, kama kawaida yake, akaenda. Nilizikaanga nyumbani jioni ile na tukazimaliza.

Nafasi ilichukuliwa na mmoja wenu. Simtaji, na hana kosa lolote. Ni fundi mzuri, na alikuja na cheti ambacho hakuna aliyekitaka isipokuwa mimi.

Zubeda aliendelea kuleta diski mwaka mmoja zaidi. Alikuwa anakabidhi iliyojaa, anachukua tupu, anaondoka. Hakuuliza tena juu ya picha yoyote, wala mimi sikumwuliza kwa nini. Kisha akaacha kazi akarudi shambani. Nilijiambia labda ni watoto, labda ni mume, labda ni usingizi. Nilijiambia mambo mengi miaka ile.

Ile siku nyingine mnaikumbuka vizuri, kwa sababu mlishangilia. Ilikuja habari kwamba watu wawili wa nchi nyingine wameona upinde mwembamba wa oksijeni kando ya nebula ile ya Jabari, upinde ambao haujapata kuandikwa na mtu. Mlirundikana kwenye kompyuta moja mkiutazama. Wenye darubini wakaandika kuuliza kama sisi tuna chochote cha eneo lile. Nilisubiri mtoke kwenda kula. Nikafungua mafaili mabichi ya kiangazi kile, nikarundika oksijeni yote bila kuipitisha kwenye Moshi, nikavuta. Hata nusu saa haikufika. Ulikuwepo, mpini wa kikapu, mahali palepale alipoweka kidole.

Hapo nilikuwa na nafasi ya pili, na si kila mtu hupewa. Nilifunga programu, nikawajibu kwa Kiingereza changu kizuri kwamba kwa bahati mbaya picha za msimu ule ziliharibiwa mno na moshi wa nyasi. Waliniandikia pole. Mliporudi mlinikuta nimeinamia meza, mkadhani ni presha, mkaniletea soda. Niliinywa pia.

Basi sasa mnajua mlinipa nini siku ya kuniaga. Na kuna jambo la kazi hapa, msiliruke. Ule mpangilio uitwao Moshi bado umo kwenye kompyuta zenu. Nimewasikia mkiusifu, mkiwafundisha wenzenu kuutumia. Ufuteni leo. Kisha chukueni mafaili mabichi ya kila kiangazi, yote yapo, sikuyafuta kwa kuwa hata mimi niliogopa kufika huko, mrundike oksijeni upya na muweke vidoto kwa mkono. Mkiona kitu msichokijua, mpigieni simu anayefungua paa Lurujo kabla ya kukigusa.

Mwezi uliopita nilikwenda Lurujo. Sikuwa nimemwandikia mtu yeyote bado, niliona yeye aambiwe kwanza. Nilibeba ile barua yake na picha ya upinde niliyoichapa mwenyewe, nyeusi na nyeupe, oksijeni peke yake. Kutoka Koboko mjini nilipanda boda, na njia nzima nilipanga maneno. Nilimkuta uani kwake akianika karanga juu ya turubai.

"Karibu, Mzee," alisema, akanyoosha mgongo. "Wewe umezeeka."

Nikampa picha. Alifuta mikono kwenye kitenge, akaishika kwa mikono miwili, akaitazama. Nilikumbuka Oli, nikaangalia chini.

"Ni yeye," alisema.

"Ndiyo."

"Nani alipata?"

"Watu wengine. Wa nchi nyingine."

"Basi hapana moshi."

"Haikuwa moshi, dada." Nikaitoa barua, mikunjo yake ilikuwa imeanza kupasuka. "Hii sikuituma. Hawakujibu chochote, kwa sababu hawakuisoma. Mimi ndiye niliyesema ni moshi. Hata juu ya cheti, ni mimi. Nilikudanganya."

Nilitamani apige kelele. Aliichukua barua, akaingia ndani. Alikaa humo muda, nami nikasimama kando ya turubai bila kujua niweke wapi mikono. Alipotoka alikuwa na lile daftari. Alilifungua ukurasa wa mwisho wenye maandishi, akanipa. Ilikuwa tarehe ya ile Jumatatu, kwa mwandiko wake ulionyooka: Wamejibu. Ni moshi tu.

Niligeuza ukurasa. Ulikuwa mweupe. Nikageuza mwingine, na mwingine, mpaka nikafika kwenye jedwali la kuzidisha.

"Lakini ulifanya kazi mwaka mzima baada ya hapa," nilisema.

"Nilifanya. Nilifungua paa." Aliokota karanga moja iliyoviringika nje ya turubai, akairudisha. "Wewe ulisema fungua paa. Mwanzo bado nilikuwa naona yeye asubuhi, ile upinde. Nilisema, watu wakubwa wanasema hakuna, na mimi naona. Basi macho yangu iko na ugonjwa. Nilienda kupima. Daktari alisema macho iko sawa." Alitikisa kichwa. "Sikuamini daktari. Nikaacha kuangalia."

Nimesimulia kesi ngumu nyingi katika maisha yangu ya kazi, na nyingi nimezipamba. Hii siwezi. Mwanamke aliyekuwa na macho mazuri kuliko sisi sote alikwenda kuyapima kwa sababu yangu, na aliambiwa ukweli, na akashindwa kuuamini kwa sababu yangu.

Alinipa kalamu. "Andika."

"Niandike nini?"

"Wewe najua."

Nilipiga magoti, nikaliweka daftari juu ya paja, na chini ya mstari wake nikaandika kwamba haikuwa moshi, kwamba upinde ulikuwepo na Zubeda aliuona kabla ya mtu yeyote, na kwamba barua yake haikutumwa. Nikaweka jina langu na tarehe. Aliyasoma yote kwa sauti, polepole, neno kwa neno. Sikumwomba msamaha mbele ya karanga zake, nilihisi ningekuwa naomba kitu kingine tena kutoka kwake. Nilimwambia tu kwamba nikifika Arua nitawaandikia wenye darubini kila kitu, na nitaiambatanisha barua yake na kurasa za daftari.

"Hapana," alisema. "Wewe andika yako. Hii yangu natuma mimi. Binti ya dada yangu anajua Kiingereza. Andika anwani yao hapa."

Niliiandika kwenye ukurasa mweupe wa kwanza, kwa herufi kubwa ili isomeke. Alilichukua daftari, akaitazama anwani, kisha akanitazama mimi.

"Hii ni yao kweli, Mzee?"

Nikasema ndiyo. Aliingiza mkono kwenye kitenge, akatoa simu yake, akaanza kuitafuta mtandaoni mwenyewe, herufi moja moja, akilinganisha na nilichoandika, nami nikiwa nimesimama mbele yake juani. Ilikuwa yao. Ndipo akanionyesha kiti.